Midomo Iliyojaa Pini

Dada yangu ni fundi wa nguo, na watu wengi wanaovaa nguo zake hawajawahi kusikia sauti yake. Si kiburi. Ukimkuta kazini, mdomo wake umejaa pini. Amezibana katikati ya midomo, vichwa vinachungulia nje, mkono mmoja umeshika kitambaa na mwingine unachomoa pini mojamoja bila hata kutazama. Mteja akimwuliza kama gauni litakuwa tayari kabla ya sherehe, anajibu, "Mmh." Akitaka mteja ainue mkono, "Mm?" Akitaka atulie asije akachomwa, "Mm-mm!" Wateja wa siku nyingi wanaielewa lugha hiyo bila taabu. Wageni hunigeukia mimi niwatafsirie, nami nawatumbulia macho tu, maana mdomo wangu nao una pini zake.

Nje ya kazi mimi naongea kama chiriku, sikatai. Lakini kazi ni kazi.

Chumba chetu ni kirefu na chembamba. Dirishani zipo cherehani mbili, ya Dada na yangu, na nyuma yetu iko overloki, mashine ya umeme ya kufunga kingo za nguo, ambayo ikinguruma hata mawazo yako huyasikii. Katikati ipo meza kubwa ya kukatia. Karibu na mlango anasimama Babu Pasi, mzee tuliyemrithi pamoja na chumba, ambaye kazi yake ni kunyoosha nguo kwa pasi ya mkaa. Babu Pasi huchukua fundo la maji, huvimbisha mashavu, halafu huipulizia nguo manyunyu membamba kabla ya kuipitishia pasi. Niliwahi kumnunulia chupa ya kunyunyizia. Akaniambia maji ya chupa hayana adabu, yanakwenda yanakotaka, akaendelea na mashavu yake.

Nimseme Dada kidogo, ili mjue ni mtu wa namna gani. Yeye ndiye kifungua mimba nyumbani kwetu, mimi kitinda mimba, na katikati kuna kundi zima. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, na akirudi Dada alikuwa ameshatuogesha, ameshatulisha na ameshatupiga makofi mawili matatu pale tulipostahili. Ushonaji alijifunza kwa jirani aliyekuwa na cherehani ya mguu. Alianza kwa kubandika viraka, na kabla hajamaliza kukua sare za shule za mtaa mzima zilikuwa zinapita mkononi mwake. Sisi wote tulisoma kwa mkono huo. Sijawahi kumwona akiimba, akicheza karata au akicheza ngoma. Harusini watu wanamtazama bibi harusi, yeye anatazama pindo la bibi harusi, na kama limepinda chakula hakimshuki.

Ana binti mmoja. Binti huyo alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa mbali, akamwachia Dada mtoto wake wa kike ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alikuwa mdogo, mviringo, macho yanang'aa, basi tukamwita Kifungo. Mimi nikawa Bibi Mdogo ghafla, katika umri ambao nilikuwa bado najitafuta kwenye kioo. Nimeshazoea.

Siku ya kwanza kabisa Dada alitoa sheria: hapa si mahali pa mchezo. Na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Pasi ina makaa, mikasi imenolewa, sindano zimelala kila mahali. Kifungo alitandikiwa mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, akakaa. Alikaa kweli. Hakugusa kitu, hakulia, hakupayuka. Wateja walikuwa wanainama kumtazama halafu wanasema, "Jamani, mtoto ana adabu huyu! Wangu angeshaichoma nyumba." Dada hakujibu, kwa sababu ya pini, lakini mashavu yalimjaa.

Mteja mmoja tu ndiye hakumsifu, mama mmoja tuliyempa jina la Mama Mikogo. Huyo huingia na mkoba mkubwa kwapani, sauti inatangulia, yeye anafuata, na kila nguo aliyoshonewa tangu enzi za mababu humbana kwapani. Alimchungulia Kifungo akauliza, "Huyu mbona amekaa kama amesubirishwa benki?" Tulimwona mkorofi.

Kila jioni Dada alirudi na mjukuu wake nyumbani, akampikia, akamwogesha, halafu akakaa karibu na taa kumalizia mapindo na vifungo vya mkono. Pini zikarudi mdomoni. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Kifungo alikua, akanenepa, akaelewa kila alichoambiwa, na hakusema neno. Alikuwa na "mm" zake tu. Tulijipa moyo. Mama yetu alipokuwa hai alisema hata mimi nilichelewa kusema.

"Na akafidia," Babu Pasi akasema, jicho kwangu.

Muda wa kumwandikisha chekechea ukafika. Tulikwenda wote wawili na Dada, Kifungo katikati amevaa gauni ambalo ungedhani ni la kuvishwa taji. Tulipoingia darasani, kelele ile! Mmoja anapika mchanga, mwingine anamdunga mwenzake sindano ya kijiti, wawili wanagombana nani dereva wa benchi. Dada alikumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Mwalimu, mwanamke kijana mwenye rangi ya bluu kwenye kiwiko, alichuchumaa mbele ya Kifungo.

"Karibu mgeni wetu. Una kiu?"

"Mm-hm."

"Unataka kucheza na nini?"

Kifungo akapandisha mabega. Mwalimu akamletea sanduku la vipande vya mbao vya kujengea. Mtoto wetu akavitoa, akavifuta vumbi kwa pindo la gauni, akavipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo, mstari umenyooka kama rula. Halafu akakunja mikono akasubiri kuambiwa kazi ni nzuri. Mimi niliona fahari. Mwalimu hakuona.

"Nyumbani huwa anacheza nini?" akamwuliza Dada.

"Hachezi," Dada akajibu, shingo imesimama. "Ana adabu."

Mwalimu hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Akavuta kigoda akakaa. "Mama, mtoto mdogo akicheza ndiyo yuko kazini. Hapo ndipo anajaribu maneno aliyoyasikia, anajaribu kuhesabu, anajaribu kuwa mtu mwingine aone inakuwaje. Huyu akili anayo, nimeiona kwenye mbao. Lakini maneno yake hayana pa kutokea."

Akatueleza bila kuficha kwamba darasa lake lina watoto wengi na yeye ni mmoja. Anahitaji mtoto anayeweza kuomba maji, kuomba kwenda chooni na kusema anaumwa wapi. Shule zikifunguliwa atamjaribu tena, na akishindwa itabidi asubiri nyumbani. Akatushauri tumpeleke hospitali kwanza. Tulimpeleka. Masikio mazima, koo zima, ulimi uko huru kabisa.

Dada akampigia binti yake simu, akamweleza yote. 

"Mama," binti akasema, "shule zikifunguliwa na mwanangu hajasema, naacha masomo nakuja kumchukua. Siwezi kukaa huku najifunza kuuguza watoto wa watu, na wangu hana sauti."

"Umebakiza mwaka mmoja tu."

"Najua, Mama."

Dada aliiweka simu mezani akaanza kukunja vitambaa vilivyokuwa tayari vimekunjwa. Namjua. Hufanya hivyo akiogopa. Alimwogopea binti, alimwogopea mjukuu, na zaidi ya yote aliogopa kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa mtoto mzima akamharibu.

Asubuhi iliyofuata aliuchukua mchezo kama anavyochukua oda. Alikata mwanasesere kwa kipimo, akamshona, akamjaza pamba, akamvisha gauni lenye bitana. Bitana! Kola yake ilisimama kuliko ya hakimu. Baada ya chakula cha mchana akamkalisha Kifungo chini ya meza, akamwekea mwanasesere mapajani, akatoa pini mdomoni kwa heshima ya tukio lile.

"Haya, cheza."

Kifungo akamtazama.

"Anza."

Kifungo akamkalisha mwanasesere pembeni yake, akamkunja mikono, naye akakunja ya kwake. Sasa tukawa na watu wawili wenye adabu chini ya meza.

Dada hakukata tamaa. Alimpa bobini tupu za uzi ajenge nyumba. Mtoto alipozipandisha kombo, Dada akazinyoosha. Akampa chaki ya kuchorea sakafuni. Mtoto akachora kitu kama yai lenye miguu, Dada akapiga magoti akalifuta, akachora yai lililo sawa. Nilivumilia mpaka uvumilivu ukaniishia.

"Dada, huyo si mwanafunzi wa ushonaji. Mwache akosee."

"Akosee nini? Kwani mchezo nao una kukosea?"

"Wewe ndiye unaukosea. Hujui kucheza hata kidogo."

Aliinua uso. "Ningecheza saa ngapi, mdogo wangu? Wenzangu wakiruka kamba, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa shati upande wa ndani nje, na ikabidi nifumue.

Basi, mchana mmoja umeme ukakatika. Cherehani zetu ni za mguu, lakini overloki ilinyamaza, na redio ya duka la jirani nayo ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ungeweza kusikia chumba chenyewe. Babu Pasi peke yake ndiye aliyeendelea, maana mkaa haujui habari za umeme. Dada alikuwa anapiga bandi kwenye koti, ule ushonaji wa muda wa kushikiza tu. Mimi niliinama kuokota mkasi, na nilipofika chini nikabaki hukohuko.

Kifungo alikuwa amevunja vijiti vya ufagio vifupivifupi akavibana kati ya midomo, vichwa nje. Utepe wa kitambaa umening'inia shingoni. Mbele yake mwanasesere amesimamishwa dhidi ya mguu wa meza. Alimwinua mwanasesere mkono. "Mm?" Akapima kwapa. "Mmh." Mwanasesere akateleza akaegemea upande, akamkazia macho. "Mm-mm!" Sauti ile ilikuwa ya Dada hasa, mpaka ule ukali wa mwishoni. Halafu akaweka vijiti chini, akachukua kikombe chake, akatia fundo la maji, akavimbisha mashavu, akampulizia mwanasesere kuanzia kichwani mpaka miguuni, na akaanza kumpiga pasi kwa kiberiti kitupu.

Nilimvuta Dada sketi. Akainama. Babu Pasi, ambaye umbea haumpiti, naye akainama, mdomo umejaa maji. Kucheka na kumeza kwa pamoja kukamshinda, na suruali ya mteja iliyokuwa mezani ikalowa yote.

"Huyu si kwamba hasemi," nilimwambia Dada. "Anasema kama sisi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Babu Pasi akasema huku anajifuta ndevu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tumeimbishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, na hakuna aliyetuambia kwamba na pini zimo. Tulikuwa watu wazima watatu na midomo yote mitatu ilikuwa imejaa kutwa nzima. Mtoto alitusoma akadhani ndivyo binadamu wanavyozungumza. Na kumbe muda wote tulipodhani amekaa tu, alikuwa anacheza kwa siri, kwa sababu sheria ilikataza.

Dada alicheka. Kicheko chake sikuwa nakijua vizuri, kina mluzi kidogo mwishoni. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, na hukohuko sakafuni kicheko kikageuka machozi, akamkumbatia mtoto na vijiti vyake na maji yake.

Kuanzia siku hiyo pini zilihamia kwenye vimto. Tulijishonea vimto vidogo vya kuvaa mkononi, na kazi ikawa ya konokono kwa siku kadhaa, kwa sababu kila mara mkono ulikwenda mdomoni ukakuta hakuna kitu. Babu Pasi akaifufua ile chupa, akainung'unikia kila alipoibana. Na tuliongea! Mimi nikaona nimefunguliwa milango ya peponi. Dada alijilazimisha kutaja kila anachofanya: sasa nakata, sasa natia zipu, sasa uzi umeisha. Alikuwa kama mtangazaji wa mpira asiyeupenda mpira.

Lakini kutoa pini si kutoa maneno. Kifungo alitusikiliza kwa makini kabisa, halafu akarudi chini ya meza, akabana vijiti vyake, akaendelea na "mm". Fundi ni fundi. Sheria ya kutocheza ilishafutwa, pasi ikazungushiwa benchi, mikasi ikapandishwa ukutani, na mtoto sasa akacheza waziwazi kutwa nzima bila kutamka neno. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Binti alishaulizia nauli ya kurudi, na Dada akawa anakunja vitambaa hata vya wateja.

Mchana mmoja, kazi zimepungua, Dada aliweka koti pembeni. Akavua kimto. Akapiga magoti, goti moja likalia, akaingia chini ya meza mzimamzima, na kichwa chake kikagonga ubao.

"Hodi fundi," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Mimi ni mteja. Nimekuja kushona gauni."

Kifungo akamtazama mabega kwa jicho la fundi. Halafu akachukua utepe wake, akaanza kumpima bibi yake. "Mm?" Dada akainua mkono. "Mmh." Dada akanitolea jicho kutoka kule chini: sasa nifanyeje?

"Lalamika," nikamnong'oneza. "Wateja wanalalamika."

Dada akafikiri. Mtu huyu hajalalamika tangu azaliwe, alitoa wapi? "Gauni ni zuri, fundi," akasema. "Asante sana. Limenikaa."

Nakwambieni, mtoto alimwonea huruma. Akavitoa vijiti mdomoni mwake kimojakimoja, akavitia mdomoni mwa bibi yake. Akamvisha utepe shingoni, akaurekebisha. Akatoka chini ya meza, akaenda mpaka kwenye kikapu cha mabaki, akajifunga kipande cha satini kiunoni, akachukua mkoba wangu akaubana kwapani, mkubwa karibu kumzidi yeye. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akainua kidevu, akaingia.

"Fundi!" akasema.

Nilishika ukingo wa cherehani.

"Fundi, mbona umenibana hapa? Kwapani! Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia achia! Kila siku unanibana, kila siku unanibana, mimi ni mguu wa kuku, nifungwe hivi?"

Maneno yalikuwa yameshonwa vizuri, hayana hata uzi unaoning'inia. Ndani ya chumba hiki kulikuwa na watu wa aina mbili, mafundi wanaonguruma na wateja wanaosema, na Kifungo kumbe alikuwa amewahifadhi wote. Alichokosa ni zamu ya kuwa mteja.

Dada alikuwa bado na vijiti mdomoni. "Mm," akasema.

"Fundi! Nasema na wewe!"

Dada akavitema vijiti. "Pole," akasema, na sauti ilimkatika katikati, akaianza upya. "Pole sana, mteja wangu. Nitakuachia. Niachie kiasi gani?"

"Hivi." Kifungo akatanua mikono yote miwili.

"Hiyo itakuwa hema."

"Basi shona hema!"

Hapo ndipo tukasikia mtu anacheka nyuma yetu. Mama Mikogo mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba uleule kwapani, na hatukujua amefika saa ngapi. Babu Pasi alijifanya ana shughuli na chupa. Mimi nilitafuta pa kujificha.

"Msimkatize," Mama Mikogo akasema. "Mwacheni anisemee. Mimi mmenizibia masikio miaka yote hii."

Akaweka mkoba chini, akajipanga foleni nyuma ya Kifungo, na tukacheza mpaka jua likaanza kushuka. Mama Mikogo alikuwa mteja wa pili, Babu Pasi akawa mteja anayetaka suti ya kuoa, mimi nikawa mteja niliyekuja kuchukua nguo ya mtu mwingine kwa makosa. Dada alikuwa fundi wa wote, na alijibu kila mmoja kwa maneno kamili. Mara mbili nilimwona anataka kunyoosha kitu kilichopinda, mkono ukaenda, akaurudisha. Gauni la Mama Mikogo halikuguswa siku hiyo, na wala hakudai.

Usidhani kwamba kuanzia hapo Kifungo alianza kuongea nasi kama watu. Kwa siku kadhaa alisema tu akiwa mtu mwingine. Akitaka maji, ilibidi awe kwanza mteja aliyetoka mbali juani. Akitaka kwenda chooni alikuwa dereva, basi lake limeharibika njiani, tafadhali abiria wote washuke. Dada alimfuata kila alikokwenda. Walihesabu vifungo kwa sababu duka la vifungo halikubali kukosea. Waligombana juu ya rangi, wakasubiriana zamu, wakauguza mwanasesere aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye cherehani. Maneno yakawa yanabaki kidogokidogo hata mchezo ulipoisha. Siku moja, hayuko mteja wala dereva, akamvuta Dada mkono akasema, "Bibi, nina njaa." Dada alimpa chakula chake, changu, na cha Babu Pasi.

Binti alipiga simu siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Dada hakuwa amemwambia kitu, aliogopa kusifia nguo kabla haijavaliwa. Simu ilikuwa juu ya meza, na Kifungo, aliyekuwa anasimamia duka, akaichukua.

"Haloo. Fundi yuko bize. Wewe una shida gani?"

Tukasikia ukelele hata bila kuweka spika. "Nani huyo? Mama! Nani anaongea?"

"Usipige kelele," Kifungo akamwambia mama yake. "Kaa kwenye foleni."

Sijui kule bweni la wauguzi walimfikiria nini yule binti, kwa sababu alilia na kucheka kwa sauti moja, na mjukuu wetu akamwachia Dada simu akaenda kuhudumia wateja wengine. Dada aliongea na binti yake muda mrefu sana. Alipomaliza alitangaza, ingawa hakuna aliyeuliza, kwamba nauli sasa itatumika kuja likizo.

Siku ya kufungua shule tulikwenda tena wote. Safari hii gauni lilikuwa la kawaida, lenye mifuko mikubwa, kwa maombi ya mvaaji. Mwalimu alichuchumaa palepale, rangi kwenye kiwiko safari hii ilikuwa nyekundu, lakini hakupata nafasi ya kuuliza swali. Kifungo alikuwa ameshawaona wale wa mchanga. "Mnapika nini?" akawauliza. Mmoja akajibu wanapika mawe. "Hayajaiva hayo," Kifungo akasema, akapiga magoti akaongeza moto. Mwalimu akainuka akatutazama, akatabasamu tu, akaandika jina.

Tungeondoka hapo. Mimi nilikuwa tayari. Dada hakuondoka. Alisimama kwenye lango la chekechea, mikono haina mkoba, haina kitambaa, haina mtoto, na machozi yakawa yanamshuka waziwazi mbele za watu, yeye ambaye hata utotoni hakulia mbele ya Mama yetu. Nilimshika kiwiko. Kifungo alitugeukia kutoka kwenye mchanga, akatuona, akaja mbio mpaka langoni.

"Bibi, unaumwa wapi?"

"Siumwi," Dada akasema. "Nimezoea kucheza na wewe."

Mtoto akafikiri. Nyuma yake walikuwa wanamwita, mawe yanaungua. Akamshika bibi yake mkono mmoja, mimi akanishika mwingine, akaiweka mikono yetu pamoja, akaibana.

"Cheza na Bibi Mdogo," akasema. "Nitarudi."

Akakimbia. Hakutazama nyuma tena, alikuwa na kazi. Tulibaki pale tumeshikana mikono, wanawake wawili watu wazima katikati ya njia, na watu wanatupisha. Dada akanigeukia, uso umelowa, na aliniuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Sasa, mdogo wangu, sisi tutacheza nini?"